Mtambo Umefungwa, Maji Yake Yaende Wapi?

Kila habari ya Fukushima inaporudi magazetini, vikundi vyetu vya WhatsApp hujaa sauti na video. Mmoja anasema samaki wa bahari nzima wameharibika. Mwengine anasema hizo ni siasa za China na Japani tu. Wa tatu huuliza swali ambalo mimi naliona lina maana kuliko yote: mtambo umekwisha kufungwa, haujatoa umeme kwa miaka, sasa hayo maji ya kumwaga yanatoka wapi? Na nani anayetoa ruhusa yamwagwe?

Nimeona nilijibu kwa kirefu, kwa sababu sisi tunaoishi Ghuba tunakunywa bahari. Maji ya mfereji wa Maskati, Dubai, Doha na Kuwait, tunayotilia udhu na kupikia wali, sehemu kubwa yake yalikuwa maji ya chumvi siku chache zilizopita. Basi kanuni za nini kinaruhusiwa kumwagwa baharini, na nani anayepima, kwetu sisi ni kanuni za maji ya kunywa.

Lakini sitaanza na Fukushima. Kule kulitokea ajali, na ajali huvuruga mafunzo. Afadhali tuangalie mitambo ya kawaida, iliyofanya kazi yake, ikazeeka, ikafungwa kwa utaratibu. Marekani ina miwili inayofaa: Indian Point, ukingoni mwa mto Hudson katika jimbo la New York, na Pilgrim, katika mji wa Plymouth jimbo la Massachusetts. Yote miwili ilinunuliwa na kampuni moja, Holtec, kwa ajili ya kuibomoa. Maji yake ni ya aina moja, na wingi wake unakaribiana. Majimbo hayo mawili yote yalitaka kuzuia maji yasimwagwe, ila kila moja lilipita mlango wake wa sheria, na mlango ndio uliokuwa na maana.

Maji yenyewe

Kinu cha nyuklia hutumia fimbo ndefu za chuma zilizojazwa vidonge vya urani. Fimbo zikitumika miaka michache hutolewa, na zikitolewa huwa kali kuliko zilivyoingia: zina moto, na zina mionzi ya kumuua mtu atakayesimama karibu nazo kwa muda mfupi tu. Kwa hiyo hutumbukizwa ndani ya hodhi la zege lenye kina cha mita 12 hivi. Maji ya hodhi yanafanya kazi mbili. Yanazipoza fimbo, na yanaizuia mionzi, hata mfanyakazi akaweza kusimama ukingoni akatazama chini bila ya kudhurika. Baada ya miaka kadhaa, zikishapoa, fimbo hutolewa zikatiwa ndani ya mapipa makubwa ya chuma na zege yanayopangwa uwanjani. Hodhi linabaki na maji yake, na huwezi kulibomoa hodhi lililojaa.

Indian Point ilikadiriwa kuwa na galoni milioni 1.3 za maji ya namna hii, yaani karibu lita milioni 5. Wachukue wale madereva wa magari ya maji tunaowaona wakipanda milima ya Maskati: kwa gari la lita 20,000, ni safari 250 hivi. Pilgrim ina galoni milioni 1.1. Si bahari ya maji. Mtu anayetarajia mafuriko atashangaa kuona kuwa ugomvi wote huu ni juu ya maji ya mabwawa mawili ya kuogelea ya Olimpiki kwa kila mtambo.

Ndani ya maji hayo mna kobalti-60, inayotokana na chuma kinacholika taratibu, mna sesiamu-137, inayovuja kutoka kwenye fimbo zenye nyufa, na vyengine vidogo vidogo. Hivi vinaweza kutolewa. Maji hupitishwa kwenye vichungi na kwenye chembe za resini zinazonasa madini, kama vile mitambo ya kulainisha maji inavyonasa chokaa. Hayawi matupu kabisa, lakini kiasi hushuka sana.

Kinachobaki ni tritiamu, na hapa ndipo penye fundo. Tritiamu ni haidrojeni yenye uzito zaidi ya kawaida, na kwa kuwa ni haidrojeni, haielei ndani ya maji kama chumvi au vumbi. Inaungana na oksijeni ikawa maji yenyewe. Unaweza kuchuja majani ya chai ukabaki na chai, lakini utachuja vipi maji kutoka kwenye maji? Ndugu zetu wanaofanya kazi kwenye mitambo ya Barka na Sohar watanielewa upesi: utando unaozuia chumvi unaizuia pia sesiamu kwa sehemu kubwa, lakini maji yenye tritiamu hupita pamoja na maji mengine. Zipo njia za kuitenga viwandani, nazo ni za gharama kubwa, na hazitumiki kwa maji mengi yenye tritiamu kidogo.

Ubaya wake ni wa kiasi gani? Mionzi ya tritiamu ni dhaifu, haipenyi ngozi. Inadhuru ikiingia mwilini, kwa kunywa au kwa kuvuta pumzi. Mwili huitoa kama unavyotoa maji mengine. Nusu yake hutoka kwa siku kumi hivi. Hairundikani kwenye nyama ya samaki namna zebaki inavyorundikana kwenye papa na jodari. Sehemu ndogo hujifunga kwenye chembe za mwili na kukaa muda mrefu zaidi, na wataalamu wanaotaka tahadhari zaidi hushikilia nukta hiyo. Sesiamu ni habari nyengine: hiyo samaki huibeba, na ndiyo sababu ya kupima samaki wa Fukushima kwa makini zaidi.

Namba zinazogongana

Ukitafuta kiwango cha tritiamu kinachoruhusiwa kwenye maji ya kunywa utadhani mashirika hayazungumzi. Kipimo ni bekereli kwa lita, yaani ni atomi ngapi zinapasuka kila sekunde ndani ya lita moja. Shirika la Afya Duniani linasema 10,000. Marekani inasema 740, ambazo wao huziandika kama pikokyuri 20,000. Umoja wa Ulaya unasema 100, lakini hiyo 100 maana yake ni kuwa mtu aende akachunguze zimetoka wapi, si kuwa maji yamekuwa sumu. Ile ya Marekani ni hesabu ya miaka ya 1970 ambayo haijabadilishwa. Kwa hiyo akikuletea mtu video inayosema "kiwango kimepita mara kumi", muulize kwanza: kiwango cha nani?

Kwa upande wa kumwaga, Marekani haihesabu bekereli peke yake. Inahesabu dozi, yaani mtu anayeishi karibu, anayekula samaki wa hapo na kuogelea hapo, atapata mionzi kiasi gani kwa mwaka. Kwa maji yanayotoka kwenye kinu kimoja, lengo ni kutopita milirem 3 kwa mwaka kwa mwili mzima. Kwa kipimo cha kimataifa ni milisiverti 0.03. Dunia yenyewe, mawe, hewa na jua, humpa mtu wa kawaida milisiverti 2.4 hivi kwa mwaka. Safari moja ya ndege ya saa saba au nane hukaribia ile 0.03.

Nimeziweka namba hizi mapema kwa makusudi, ili msomaji ajue kuwa anayesema "watu wa Hudson watakufa" hana hoja, na pia aone kwamba ugomvi wa kweli uko kwengine. Mitambo hii ilikuwa ikimwaga maji yenye tritiamu kwa miongo yote ilipokuwa ikifanya kazi: hupimwa, huchujwa, huchanganywa na maji mengi ya kupozea, humwagwa, kisha huandikwa kwenye ripoti ya kila mwaka iliyo wazi kwa yeyote. Watu wengi wa Plymouth na wa Hudson waliyajua hayo baada ya mtambo kufungwa. Hasira yao, ninavyoiona mimi, inatokana na hapo zaidi kuliko kwenye bekereli. Wakati ule angalau walikuwa wakipata umeme na ajira. Sasa wanaambiwa wabebe taka za mtambo usiokuwepo tena.

Mwenye ruhusa na asiye nayo

Marekani ina sheria ya nishati ya atomiki ya mwaka 1954. Chini ya sheria hiyo, usalama wa mionzi ni kazi ya serikali kuu peke yake, na tangu 1975 kazi hiyo iko mikononi mwa Tume ya Kudhibiti Nyuklia, kwa kifupi NRC. Jimbo linaweza kukataa joto la maji ya mtambo, linaweza kukataa klorini na mafuta machafu, lakini mionzi si yake.

Mwaka 1976 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi iliyotoka Colorado. Wananchi walidai kuwa sheria ya maji safi, ile inayosimamiwa na shirika la mazingira, EPA, ihusu pia taka za mionzi. Mahakama ikasema hapana: vitu vya mionzi vinavyosimamiwa na sheria ya atomiki havihesabiki kuwa ni "uchafuzi" kwa mujibu wa sheria ya maji. Tazama ajabu yake: shirika lenye jukumu la kulinda mito haliwezi kusema neno juu ya kitu ambacho watu wanakiogopa kuliko vyote mtoni.

Kisha mwaka 1983 ikaja kesi ya California. Jimbo lilizuia kujengwa mitambo mipya ya nyuklia mpaka serikali kuu ipate njia ya kudumu ya kuweka taka. Mahakama Kuu safari hii ililipa jimbo ushindi, kwa sababu lilijitetea kuwa linajali gharama na uchumi, halikutaja usalama. Tangu siku hiyo mawakili wa majimbo wamejifunza somo: ukitaka kuzuia jambo la nyuklia, usitaje mionzi. Taja pesa.

New York ilijaribu mlango huo. Indian Point iko chini ya kilomita 60 kutoka Manhattan. Kinu chake cha kwanza kilizimwa 1974, cha pili Aprili 2020, cha tatu Aprili 2021, na baada yake Holtec ikachukua mali. Kampuni ilipotangaza mpango wa kuanza kumwaga maji ya mahodhi mwaka 2023, miji ya mtoni ilikuja juu. Mto Hudson si mto wa kwenda upande mmoja. Maji hujaa na kupwa kama hori zetu za mwambao, na kujaa kwake kunafika mpaka Troy, zaidi ya kilomita 200 kutoka baharini. Wenyeji wa asili waliuita mto unaokwenda pande mbili. Kwa hiyo hata miji iliyo juu ya mtambo, kama Poughkeepsie, ambayo pamoja na jirani zake huwapa maji ya kunywa watu zaidi ya 100,000 kutoka mto huo, haikutulizwa na maneno ya kuwa maji yatateremka kwenda zake.

Baraza la kutunga sheria la jimbo likapitisha sheria ya kupiga marufuku kumwaga kitu chochote cha mionzi ndani ya Hudson kutokana na kazi ya kubomoa mtambo. Gavana Kathy Hochul aliitia saini tarehe 18 Agosti 2023. Holtec ikaishitaki New York mwaka uliofuata. Utetezi wa jimbo ulikuwa ule wa California: bei za nyumba, utalii, jina la mto ambao umesafishwa kwa jasho baada ya miaka mingi ya uchafu wa viwanda. Septemba 2025 jaji wa serikali kuu, Kenneth Karas, aliamua dhidi ya jimbo. Sheria inayotaja mionzi kwa jina na kuzuia njia ambayo NRC inaikubali imeingia kwenye uwanja wa serikali kuu, hata kama nia yake ni uchumi.

Binafsi naona jaji hakuwa na njia nyingi. Neno "mionzi" liliandikwa ndani ya sheria yenyewe. Baada ya hapo, kusema kuwa unachojali ni bei za nyumba ni kama kuvaa kanzu juu ya suti na kutaraji watu wasione tai.

Plymouth walikwenda kimya zaidi

Pilgrim ilizimwa tarehe 31 Mei 2019. Iko kwenye ghuba ya Cape Cod, ambapo nyangumi wa Atlantiki ya Kaskazini, walio katika hatari ya kutoweka, huja kula mwishoni mwa baridi, na ambapo watu wanafuga chaza na kuwauza kwa mikahawa mikubwa. Kwa mfuga chaza jambo si dozi. Ni mnunuzi wa Boston au New York kusikia tu kuwa bahari ya Plymouth imemwagwa maji ya nyuklia. Chaza anaweza kupimwa akaonekana mzima, na asinunuliwe. Wavuvi wetu wa Batinah wanaijua hali hiyo kila yanapokuja maji mekundu: hata samaki aliyevuliwa mbali na hapo hukosa mtu.

Massachusetts haikutunga sheria mpya. Ilifungua sanduku la sheria za zamani ikatoa sheria ya hifadhi za bahari, iliyoanza miaka ya 1970, inayosema kuwa baadhi ya maji ya pwani ni hifadhi na hayamwagwi taka mpya za viwandani. Ghuba ya Cape Cod ni mojawapo. Maji ya hodhi, hata ukiisahau tritiamu, ni maji ya kiwandani yenye kemikali na vyuma, na kibali cha maji cha mtambo kilichotolewa 2020 hakikuyaruhusu kutoka. Holtec ikaomba kibali kibadilishwe. Julai 2024 idara ya mazingira ya jimbo ikakataa. Sababu haikuwa mionzi. Sababu ilikuwa kuwa hiyo ni taka ya kiwanda na hapo ni hifadhi. Holtec ikakata rufaa, na mabishano yakaendelea, lakini bomba halikufunguliwa.

Msomaji atauliza: kama lengo ni lile lile, kuna tofauti gani? Kuna tofauti ya nani anabeba mzigo wa kuthibitisha. New York ilibidi iitetee sheria yake mbele ya mahakama dhidi ya kampuni na serikali kuu. Massachusetts ilikaa kwenye kiti cha mwenye kutoa kibali, na aliyekwenda kuomba akawa ni kampuni.

Kama hayamwagwi, yanafanywa nini?

Njia ya kwanza ni kungoja. Tritiamu hupungua nusu kila miaka 12.3. Tangu Hochul alipotia saini mpaka Karas kutoa hukumu, tritiamu yote ya Indian Point ilipungua yenyewe kwa asilimia 11 hivi, bila ya wakili hata mmoja kulipwa kwa kazi hiyo. Ukingoja miaka 120 hubaki sehemu moja kwa elfu. Lakini kungoja kunahitaji matangi, walinzi, na mtu wa kulipa. Fedha za kubomoa hutoka kwenye mfuko uliochangiwa na wateja wa umeme kwa miaka mingi, na kila mwaka wa kuchelewa unakula mfuko huo. Hapo ndipo kampuni na wananchi wanapotazamana kwa jicho la pembeni: anayefaidika na haraka si yule anayeishi kando ya maji.

Njia ya pili ni kuyachemsha. Baada ya ajali ya Three Mile Island ya 1979, mji wa Lancaster, uliokuwa ukinywa maji ya mto Susquehanna chini ya mtambo, ulikwenda mahakamani na kupata makubaliano kwamba maji ya ajali yasitiwe mtoni. Mwishowe galoni milioni 2.3 zilivukizwa taratibu kati ya 1991 na 1993. Tritiamu haikupotea. Ilikwenda hewani ikaja ikanyesha mahali pengine, ikiwa imetawanyika zaidi. Pilgrim nako sehemu ya maji imekuwa ikipungua kwa kuvukizwa, na wakaazi wamelalamika kuwa wamefungiwa mlango wa baharini ukaachwa wazi wa angani. Wana haki ya kulalamika, kwa sababu njia ya hewani husikika kuwa nyepesi kwa vile tu haionekani.

Njia ya tatu ni kuyapakia na kuyapeleka kwenye jaa la jimbo jengine linalopokea taka za namna hiyo kwa malipo. Hapo jirani mpya hurithi neno, na mara nyingi ni jirani mwenye kipato kidogo zaidi.

Bomba na meli

Kwa sheria za kimataifa kuna jambo ambalo watu wengi nikiwaeleza hawaliamini mara ya kwanza. Mkataba wa London wa 1972, baada ya nchi wanachama kukubaliana mwaka 1993, unakataza kabisa kutupa taka za mionzi baharini kutoka kwenye meli. Ukizipakia meli lita hizo hizo, ukaenda nazo maili moja, ukazimwaga, umevunja mkataba. Ukizipitisha kwenye bomba kutoka nchi kavu, mkataba haukuhusu. Hapo ni sheria ya nchi yako na makubaliano ya eneo lako.

Ndiyo maana Japani ilitumia bomba. Fukushima Daiichi ina zaidi ya matangi 1,000, yenye tani milioni 1.3 hivi za maji zilipoanza kumwagwa tarehe 24 Agosti 2023. Maji yale yaligusa urani iliyoyeyuka, kwa hiyo kuchujwa kwake ni kazi nzito zaidi kuliko kwa maji ya hodhi. Baada ya kuchujwa huchanganywa na maji ya bahari mpaka tritiamu ishuke chini ya bekereli 1,500 kwa lita, na kwa mwaka haipiti bekereli trilioni 22, kiwango kile kile ambacho mtambo ulikuwa umewekewa kabla ya ajali. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA, lilipitia mpango na likaweka watu wake pale pale. China ilizuia samaki wote wa Japani, na mwaka 2025 ikalegeza kwa mikoa mingi lakini si yote. Kazi imepangwa kuchukua miongo. Japani imefanya jambo moja ambalo ningependa liigwe kila pahala: kipimo cha kila fungu la maji hutangazwa kabla halijatoka, na maabara za nje zinapima pia.

Uingereza, ambako wengi wetu tuna ndugu, ilipata somo la jirani. Sellafield, kwenye bahari ya Ireland, ni zaidi ya mtambo wa umeme. Mpaka 2022 kilikuwa kiwanda cha kuchakata fimbo zilizotumika, pamoja na vinu vikongwe vilivyofungwa. Miaka ya 1990 ilipandisha sana umwagaji wa teknetiamu-99, ikaonekana kwenye kamba wakubwa wa bahari hiyo na ikafuata mkondo mpaka pwani ya Norway. Norway na Ireland zikapiga kelele kupitia mkataba wa OSPAR, ambao mwaka 1998 mawaziri wake waliahidi kushusha umwagaji wa mionzi hatua kwa hatua. Mwaka 2004 Sellafield ilianza kutumia dawa ya kuinasa teknetiamu kabla ya kutoka. Sheria ya Uingereza peke yake ilikuwa ikiruhusu. Kilichobadilisha ni jirani mwenye meza ya kukaa na takwimu mkononi.

Na bahari yetu

Ghuba yetu ina mitambo miwili pwani, na yote bado inafanya kazi. Bushehr, Iran, iliunganishwa na gridi 2011, na iko karibu zaidi na Kuwait kuliko na Tehran. Barakah, Abu Dhabi, ina vinu vinne. Cha kwanza kilianza kuuza umeme Aprili 2021, cha nne Septemba 2024. Bahari baina yao ina wastani wa kina cha mita 35 tu, na maji yake hutoka na kubadilishwa na ya bahari kuu taratibu, kwa miaka. Upande wetu wa Oman, Ghubrah, Barka, Sohar na Sur zinavuta maji ya Bahari ya Oman, nje ya mlango wa Hormuz, penye kina kirefu na mikondo mikubwa. Kwa hali hiyo Maskati ina nafasi nzuri kuliko Doha au Manama. Lakini ndugu zetu wako kote kote.

Meza ya kukaa ipo. Mkataba wa Kuwait wa 1978 uliwakutanisha wote wanane, Iran na Oman pamoja, na mwaka 1990 ukaongezewa itifaki ya uchafuzi unaotoka nchi kavu, ambao ndio wa mabomba. Emarati ina mdhibiti wake wa nyuklia tangu 2009, kabla hata mtambo haujaanza kujengwa, na hilo ni jambo zuri, kwani nchi nyingi zilianza na kinu kisha zikatafuta mdhibiti. Ninalolitafuta mimi kwenye karatasi hizi ni lile lililowakwamisha New York: nchi inayokunywa maji, isiyokuwa na mtambo, ina haki gani ya kukataa, na kwa neno lipi? Oman haina kinu hata kimoja. Ikija siku ya kuzungumzia maji ya mahodhi, itakuwa kwenye nafasi ya Norway, si ya Uingereza, na Norway ilishinda kwa sababu ilikuwa na vipimo vyake yenyewe vya miaka mingi kabla ya ugomvi kuanza. Nchi isiyopima leo haitakuwa na cha kulinganisha kesho.

Vinu vya Barakah vimejengwa kwa umri wa miaka 60. Kinu cha kwanza kitafikisha umri huo 2081, na baada ya hapo fimbo zitahitaji miaka mingine majini kabla hodhi halijaachwa tupu. Mtoto anayezaliwa Maskati mwaka huu atakuwa na umri wa kustaafu maombi ya kibali yatakapowasilishwa.